Chupa za kale za pombe kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusoma alama na kukadiria umri

Nimeokota chupa ya zamani. Nianze kuangalia wapi?

Igeuze. Kitako cha chupa ndicho chenye habari nyingi, na watu wengi hukiangalia mwisho. Wanavutiwa na jina la kampuni lililochomoza ubavuni, wanalisoma, wanakimbilia kulitafuta kwenye intaneti, na wanarudi na mwaka ambao kampuni ilianzishwa. Huo si umri wa chupa.

Mpangilio wangu ni huu: kitako kwanza, kisha mshono wa ubavuni hadi mdomoni, kisha mdomo wenyewe, kisha maandishi, na rangi mwisho kabisa. Vifaa unavyohitaji ni vichache: lenzi ya kukuzia, tochi, karatasi nyembamba na penseli. Alama iliyofifia ukiifunika kwa karatasi na kuipaka penseli kwa ulalo, herufi zisizoonekana kwa macho hujitokeza. Tochi iwashe kwa pembeni ili mwanga upite juu ya kioo na kutupa vivuli. Ukimulika moja kwa moja, kioo kinang'aa tu na husomi kitu.

Chupa yangu imeandikwa 1840. Je, ni ya mwaka huo?

Karibu kila mara, hapana. Mwaka uliochomoza kwenye chupa huweza kuwa mwaka wa kuanzishwa kampuni, mwaka wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), mwaka wa medali waliyopata kwenye maonyesho, au mwaka waliochagua ili kinywaji kionekane cha kale.

Mfano maarufu kuliko yote ni chupa ya E.G. Booz's Old Cabin Whiskey ya Philadelphia. Imetengenezwa kwa umbo la kibanda, ina paa na mlango, na kwenye paa umechomoza mwaka 1840. Chupa hizo zilitengenezwa na Whitney Glass Works ya Glassboro, New Jersey, miaka ya 1860. Halafu kuanzia miaka ya 1930 kiwanda kidogo cha Clevenger Brothers huko Clayton, katika jimbo hilohilo, kikatoa nakala zake zikiwa na mwaka uleule wa 1840. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kushika vibanda viwili vinavyofanana, vyote vimeandikwa 1840, na kimoja kimezidi kingine kwa miaka sabini. Hakuna hata kimoja cha mwaka 1840.

Mwaka wa namna hiyo una faida moja tu: chupa haiwezi kuwa imetangulia mwaka iliouandika. Neno "Patented" likifuatwa na 1862, basi chupa ni ya 1862 au baadaye, pengine baadaye sana.

Mshono una maana gani?

Mshono ni ule mstari mwembamba uliochomoza ubavuni, mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Kalibu ni kile chombo cha chuma kinachoipa chupa umbo. Ufuate kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kutoka begani kwenda shingoni. Swali ni moja: mstari unavuka ukingo wa mdomo au unaishia chini yake?

Ukivuka na kupita juu ya ukingo, na hasa ukikuta mshono mwingine unaozunguka shingo chini kidogo ya mdomo, chupa imetengenezwa na mashine. Michael Owens wa Toledo, Ohio, alipata hataza ya mashine yake ya kutengeneza chupa mwaka 1904, na baada ya hapo kazi ya kupuliza kwa mdomo ilididimia haraka. Chupa ya kawaida ya pombe iliyopulizwa kwa mdomo huko Marekani baada ya 1920 ni nadra.

Ukiishia chini ya mdomo, fundi aliumaliza mdomo kwa mkono. Hapo kuna aina mbili za kutofautisha. Ya zamani zaidi: fundi aliongeza utepe wa kioo cha moto juu ya shingo. Utaona mshono umekatika ghafla chini ya utepe huo, na mara nyingi kioo kimechuruzika kidogo kama nta ya mshumaa. Hali hii ilitawala hadi miaka ya 1880. Aina ya pili: fundi aliichoma tena ncha ya shingo na kuizungusha ndani ya koleo, akiufuta mshono. Utaona unafifia wenyewe, na juu yake kuna mistari myembamba ya mlalo iliyoachwa na koleo. Hii ilienea kuanzia miaka ya 1870 na ikaisha pamoja na upulizaji.

Kuna dhana imeenea kwamba mshono ukipanda juu zaidi shingoni, chupa ni mpya zaidi, kana kwamba unapima urefu wa mtoto. Iache. Urefu wa mshono kwenye chupa iliyomaliziwa kwa mkono unategemea tu fundi alichoma shingo kiasi gani na koleo lake lilifuta wapi.

Haina mshono wowote. Basi ni ya kale sana?

Inawezekana, lakini usishangilie bado. Chupa nyingi za karne ya 19, hasa za mvinyo na brandi, zilizungushwa ndani ya kalibu iliyopakwa tabaka laini na kuloweshwa maji, na mzunguko huo ukafuta mishono yote. Zielekeze kwenye mwanga: utaona mikwaruzo myembamba inayoizunguka chupa nzima kwa mlalo, na uso wake unang'aa kupita kawaida. Chupa ambayo haikuingia kalibuni kabisa huwa haina ulinganifu. Ukiizungusha mezani inayumba, na bega moja huwa juu kuliko lingine.

Kitakoni kuna kovu. Ni kasoro?

Kovu ni habari njema. Kuna makovu mawili makubwa ya kujua.

La kwanza ni la pontili, fimbo ya chuma iliyogandishwa kitakoni ili fundi apate pa kushikia chupa wakati akimalizia mdomo. Ilipovunjwa iliacha duara lenye makali linalokwaruza kidole, au alama ya wekundu au weusi wa chuma. Katikati ya karne ya 19 mafundi walianza kutumia kishikio kilichobana chupa kwa nje bila kuigusa kitako, na kufikia mwisho wa miaka ya 1860 pontili ilikuwa imetoweka kwenye chupa za kawaida. Kovu halisi la pontili kwenye chupa ya wiski au jini kwa hiyo linakupeleka kabla ya wakati huo, isipokuwa kama ni nakala.

La pili ni la mashine ya Owens. Mashine ile ilifyonza kioo kilichoyeyuka kutoka kwenye chungu, kisha kisu kikakata mkia wake. Kisu hicho kiliacha duara pana kitakoni, mara nyingi limekaa upande mmoja, na kingo zake zimechanikachanika kama manyoya. Wengi huliona na kulitangaza kuwa pontili. Si hivyo: hili ni la karne ya 20, kuanzia mashine ilipoingia kazini hadi mashine za namna hiyo zilipoachwa katikati ya karne. Pontili inakwaruza, la Owens ni mstari tu unaoonekana kuliko unavyopapaswa.

Begani imeandikwa FEDERAL LAW FORBIDS SALE OR RE-USE OF THIS BOTTLE. Ni ya lini?

Ukikuta maneno haya, umepata alama iliyo wazi kuliko zote kwenye chupa za Marekani. Maana yake ni kwamba sheria ya shirikisho inakataza kuiuza chupa hii au kuitumia tena.

Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1920, na marufuku ikaondolewa tarehe 5 Desemba 1933. Serikali ilitaka kodi yake sasa, na iliwaogopa waliokuwa wakijaza pombe ya magendo kwenye chupa za kampuni halali. Ndipo ikaagiza kwamba kuanzia 1935 kila chupa ya pombe kali inayouzwa nchini iwe na maneno hayo yamechomoza kwenye kioo chenyewe, ambapo hayawezi kubanduliwa kama lebo. Agizo hilo lilifutwa mwaka 1964. Viwanda havikutupa kalibu zao siku hiyohiyo, hivyo chupa chache zenye maneno hayo zimetoka baadaye kidogo, lakini kwa chupa iliyo mkononi mwako, 1935 hadi 1964 ndiyo mipaka ya kuanzia.

Sasa rudi kitakoni. Kanuni zilezile zilidai namba za leseni na mwaka wa kutengenezwa chupa. Utakuta mafungu ya namba, mengine yakitanguliwa na herufi kama D au R, na mahali fulani tarakimu mbili za mwaka. Tafuta namba iliyo kati ya 35 na 64: 41 ni 1941, 58 ni 1958. Ni chupa chache duniani zinazokutajia mwaka wake wazi namna hii.

Maneno hayo yalihusu pombe kali. Usiyatafute kwenye chupa ya bia.

Kuna almasi iliyokatwa na duara lenye I katikati. Inasomwaje?

Hiyo ni Owens-Illinois, na alama yenyewe ni historia yake. Illinois Glass Company ilitumia I ndani ya almasi. Owens Bottle Company ilitumia O ndani ya mraba. Zilipoungana mwaka 1929 zikaunganisha na nembo: almasi, juu yake O, ndani yake I. Almasi iliondolewa miaka ya 1950, ikabaki I ndani ya O peke yake. Kwa hiyo almasi peke yake imeshakupa takriban miaka ishirini na mitano.

Namba zinazoizunguka zina kazi tofauti. Ya kushoto ni kiwanda: 7 ni Alton na 9 ni Streator, yote ya Illinois. Ya kulia ni mwaka. Ya chini ni namba ya kalibu, haina maana kwetu.

Tatizo ni ile ya kulia. Mwanzoni kampuni ilitumia tarakimu moja tu. Chukua chupa bapa ya wiski, kioo cheupe, kifuniko cha skrubu, na kitakoni unasoma 9, alama, 6. Ni 1936 au 1946? Namba 6 peke yake haitoshi. Angalia kwanza kama kuna nukta baada ya tarakimu, kwa sababu kuanzia 1940 walianza kuweka nukta ili kutenganisha miongo, ingawa hawakuifanya kila mara, na baadaye katika muongo huo wakahamia tarakimu mbili. Pili, tafuta neno Duraglas, jina la biashara la kioo cha kampuni hiyo, kwa mwandiko wa kuunganisha, lilianza 1940. Tatu, papasa kitako: kama kina vijinundu vidogo vingi kama ngozi ya chungwa, hiyo ni tabia ya miaka ya 1940 na kuendelea. Kitako laini, bila nukta, bila Duraglas, kinaelekea 1936. Na kama ni chupa yenye ile sentensi ya sheria begani, tafuta namba za leseni: ukikuta 36 huko pia, mjadala umekwisha.

Mimi huipenda sana alama hii kuliko nyingine zote, kwa sababu inamlazimisha mtu kuangalia mambo matatu kabla ya kusema moja.

Nembo nyingine za viwanda?

Nanga yenye H ni Anchor Hocking, iliyoundwa 1937. H kubwa yenye A ndogo chini yake ni Hazel-Atlas, kuanzia miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1960. Kumbuka kwamba hizi ni nembo za waliotengeneza kioo, si za waliotengeneza kinywaji. Kiwanda kimoja cha vioo kiliwauzia wenye wiski wengi.

Nukta zilizopangwa zikizunguka ukingo wa kitako, kama maandishi ya wasioona, ni namba ya kalibu inayosomwa na mashine kiwandani. Ukiziona, chupa ni ya kisasa.

Rangi inasaidia?

Inasaidia kidogo. Kahawia, kijani na kijani cha zeituni vimetumika karne kwa karne, na peke yake havitoi umri.

Zambarau ndiyo yenye kisa. Mchanga una chuma, na chuma hukipa kioo ukijani. Ili kukiondoa, mafundi waliongeza madini ya manganizi, na kioo kikawa cheupe. Lakini kioo hicho kikikaa juani miaka mingi, manganizi hubadilika na kuleta zambarau hafifu. Njia hii ilishamiri kuanzia miaka ya 1880 hadi karibu Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha kemikali ya seleni ikachukua nafasi yake, na chupa za seleni huelekea rangi ya majani makavu.

Tahadhari: wapo wanaoweka chupa za kioo cha manganizi chini ya mionzi ili zigeuke haraka. Zambarau ya jua huwa nyepesi. Ukikuta chupa ya zambarau iliyokolea kama wino, na mfululizo mzima wa chupa za rangi hiyohiyo mezani kwa muuzaji mmoja, hizo hazikugeuzwa na jua. Umri wa chupa unaweza kuwa wa kweli, lakini rangi imeghushiwa, na kwa maoni yangu chupa imeharibiwa.

Lebo na karatasi za ushuru bado zipo. Nizibandue nisafishe?

Usiguse. Karatasi hueleza mambo ambayo kioo hakiwezi kueleza.

Ukanda wa ushuru uliopita juu ya kizibo cha chupa za Marekani ulikuwa wa kijani kwa wiski ya "Bottled in Bond", iliyowekewa sheria tarehe 3 Machi 1897: angalau miaka minne kwenye pipa, kazi ya kiwanda kimoja katika msimu mmoja, nguvu ya asilimia 50. Ukanda huo wa kijani huonyesha msimu wa kutengenezwa kinywaji na msimu wa kutiwa chupani, kwa hiyo ukisomeka umemaliza kazi. Ukanda mwekundu ulikuwa wa pombe nyingine. Kanda hizi zilikoma 1985. Lebo inayosema kinywaji ni kwa matumizi ya tiba tu, pamoja na alama za mashine za karne ya 20 kwenye kioo, inaelekeza miaka ya 1920 hadi 1933, wakati wiski iliuzwa kihalali kwa cheti cha daktari.

Vipimo navyo vinasema. Pinti, kwati na "4/5 quart" ni vya kabla ya Marekani kuhamia mililita. Uhamaji ulianza 1976 na ukawa wa lazima tarehe 1 Januari 1980. Onyo la serikali kuhusu wajawazito na uendeshaji wa magari ni la kuanzia Novemba 1989. Kwa chupa za Uingereza, lebo inayosema 70° proof, kipimo cha zamani cha nguvu ya pombe, ni sawa na asilimia 40 ya leo, na ni ya kabla ya asilimia kuchukua nafasi mwaka 1980.

Chupa yangu ni ya Uingereza na haina alama hizo za Marekani.

Tafuta kwanza almasi ndogo yenye herufi kwenye pembe na III juu kwenye kiduara. Hiyo ni alama ya usajili wa umbo, iliyotumika 1842 hadi 1883, na III inamaanisha kioo. Hadi 1867 herufi ya mwaka ilikuwa pembe ya juu. Kuanzia 1868 ikahamia kulia. Baada ya 1883 almasi iliachwa, ikaja "Rd No", kifupi cha namba ya usajili, na namba yenyewe. Kumbuka kwamba tarehe hiyo ni ya kusajiliwa kwa umbo. Chupa ingeweza kutengenezwa miaka kadhaa baadaye.

Kitakoni ukisoma H. RICKETTS & CO GLASS WORKS BRISTOL, umeshika kitu kizuri sana. Henry Ricketts alipata hataza mwaka 1821 ya kalibu ya vipande vitatu, na mishono yake haifanani na mingine: mmoja unazunguka mabega yote, na miwili inapanda kutoka hapo kwenda shingoni. Mwili wa chini hauna mshono.

Za kale zaidi, za karne ya 17 na 18, hujulikana kwa umbo: mpira wenye shingo ndefu, baadaye kitunguu kifupi kilichobonyea, kisha taratibu silinda. Baadhi zina muhuri wa kioo begani wenye jina la mwenye nyumba ya wageni au tajiri aliyeziagiza, na pengine mwaka.

Na zile za mraba zinazopungua kuelekea chini?

Ni za jini, na umbo lao lilitoka kwa Waholanzi. Zilifanywa za mraba ili zijae kwenye sanduku la mbao bila nafasi kupotea. Zimetengenezwa kwa muda mrefu sana, kwa hiyo umbo halikupi umri. Rudi kwenye kovu la kitako na mdomo.

Nitajuaje nakala?

Uchakavu. Chupa ya miaka mia na hamsini imesimama juu ya mbao, mawe na rafu maelfu ya mara. Ukingo wa kitako chake unapaswa kuwa na mikwaruzo ya kila upande, mifupi kwa mirefu, ya zamani na ya juzi. Kitako kinachong'aa, au chenye mikwaruzo yote ya mwelekeo mmoja kama kimesuguliwa kwa msasa, kinatia shaka. Na soma majina: chupa nyingi za mapambo za miaka ya 1960 na 1970 zina jina la Wheaton kitakoni.

Nisafishe vipi?

Maji ya vuguvugu, sabuni, brashi laini, na subira. Mchanga na waya wa chuma huacha mikwaruzo isiyofutika, na mikwaruzo hiyo itamdanganya mtu mwingine atakayeisoma chupa baada yako. Ukungu mweupe usiotoka ni kioo chenyewe kilicholiwa na unyevu wa ardhini. Hakuna sabuni itakayouondoa.

Alama mbili zinapingana. Niamini ipi?

Amini ile ya karibuni zaidi. Chupa yenye mwaka 1866 ubavuni, ukingo wa mdomo uliovukwa na mshono, na I ndani ya O bila almasi kitakoni, haiwezi kuwa imetoka kabla ya miaka ya 1950, hata kama lebo yake imechorwa kwa mtindo wa babu na bibi. Kisha tafuta kinachofunga upande wa pili: sentensi ya sheria begani ikiwepo, haiendi mbali baada ya 1964. Umebaki na takriban miaka kumi. Sasa chukua karatasi na penseli, urudi kitakoni utafute zile tarakimu mbili.